Ritifaa

Ijumaa, ofisi imefungwa tangu alasiri,
tumebaki ghorofa ya pili, Chake Chake,
mie na Shaame na mashine mbili.
Ya zamani iko chini ya meza, mgongo vumbi la karafuu tupu,
inakoroma kama mtu aliyekula daku akarudi kulala.
Mpya haina harufu. Pembeni bado ina nailoni yake.

Kazi yenyewe ni kuyahamisha maombi ya wakulima,
elfu kumi na tisa na ushei,
pamoja na njia yanayopita:
kwa mpokeaji, kwa mkaguzi, kwa mthibitishaji,
yarudishwe, yarekebishwe, yapande tena hadi kwa mlipaji.
Nenda-rudi tuliyoizoea
hata tukasahau kuwa kuna mtu aliikaa akaipanga.

Kuhama huku si kubeba vyombo.
Mashine mpya haijui lolote, sharti uiambie:
hapa utaandika, hapa utasoma tu,
mlango huu ufunge, huu uache wazi kwa Unguja,
nywila hii usimpe mtu, hata mie nikikuuliza kesho.
Shaame anasoma orodha, nachapa.
"Umeshakuwa somo," ananambia, "na huyo ndiye mwali wako."

Saa nayo ilitutoa jasho.
Sisi siku yetu yaanza jua likichomoza,
yake yaanza watu wamelala fofofo,
na isitoshe ilikuja na saa za huko ilikoundwa, tatu nyuma yetu.
Ombi la majaribio likaidhinishwa
kabla halijaombwa.
Shaame alicheka hadi akaketi sakafuni:
"Laiti ofisi hii ingekuwa hivyo kweli!"

Saa nne usiku data ikaanza kuvuka.
Elfu moja. Elfu nne.
Umeme ukakonyeza, betri ikadaka.
Elfu sita mia mbili na kumi,
kisha kimya, na wekundu kioo kizima.
Hitilafu: nukuu haikufungwa.

Tukatafuta kwenye nyaya. Tukatafuta kwenye ruhusa.
Nikaanza upya, ikagoma palepale.
Mwisho nikaufungua ule mstari kwa mkono, nikausoma
kama mtu asomaye barua ya mwenzake:
Mize Faki Mcha, mikarafuu kumi na minne,
shehia ya Ng'ambwa.

Kwetu.

Mashine ilifika kwenye Ng,
ikaona kile kijikucha kilichoning'inia juu,
ikadhani maneno yamekwisha.
Ambwa iliyobaki haikujua iiweke wapi.
Darasa la tatu tuliambiwa, na rula ikiwa mezani:
ritifaa si urembo;
iondoe, utabaki na ngombe,
na ngombe hakamuliki.

Lakini ile ya zamani ilikuwa ikiyapitisha vipi, miaka yote?
Nikainama chini ya meza, nikachomeka kioo,
nikaipekua amri kwa amri.
Mstari wa mia tatu na kitu,
tuliouacha jioni ile tukidhani ni takataka,
juu yake mtu kaandika:
hapa pana kijiji, usifute.
Na herufi mbili, K.M.

Shaame hamjui. Mie simjui.
Labda yuko Muscat, labda yuko chini ya mchanga,
labda ni yule bwana anayeuza vocha pale Machomane
na hatujawahi kumuuliza alifanya kazi gani ujanani.

Niliurudisha kama ulivyo, na herufi zake.
Ng'ambwa ikapita. Ng'ombeni ikapita.
Mistari thelathini na saba ilikataa kwa sababu nyengine,
hiyo ni shughuli ya kesho.

Tukaizima ya zamani.
Sikuwa najua chumba kile kilikuwa na kelele kiasi hicho.
Shaame alitangulia na funguo;
mie nilishuka ngazi taratibu, gizani,
nikinusa vidole vyangu.